Saint Petersburg: Tausi wa Jumatano na Nguzo za Malakaiti

Ukitaka kumwona tausi wa Hermitage, jumba la makumbusho la Saint Petersburg, Urusi, akitandaza mkia, hakikisha safari yako imegusa Jumatano. Si ndege hai, ni saa ya mitambo yenye tausi, bundi na jogoo. Siku nyingine utamkuta yupo ndani ya kizimba chake cha vioo kwenye Ukumbi wa Pavilion, lakini hajitikisi. Mitambo huachiwa Jumatano saa moja jioni. Ratiba hii imewahi kubadilishwa, kwa hiyo iulizie upya kabla hujalipia tiketi. Jumatatu usijisumbue kabisa, jumba linafungwa.

Tuliokusanyika jioni ile wengi wetu tuliona simu za wenzetu kuliko tulivyomwona tausi. Watu hukizunguka kizimba safu kwa safu, mikono juu, na mrefu akisimama mbele yako ndiyo basi tena. Kibaya zaidi, sehemu inayosoma saa iko chini kabisa, kwenye kofia ya uyoga karibu na shina la mti wa shaba iliyopakwa dhahabu. Ndani ya tundu dogo la kofia hiyo saa zinaonekana kwa namba za Kirumi na dakika kwa tarakimu za kawaida, na juu yake kereng'ende anazunguka kuhesabu sekunde. Aliye safu ya pili haoni lolote kati ya hayo. Fika saa kumi na moja hivi, inama, utazame uyoga kwa nafasi, kisha usibanduke hapo kwenye kioo.

Anayeanza ni bundi. Kizimba chake kinazunguka, kengele zinalia, anageuza kichwa na kupepesa macho. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Kule anapigiwa makofi. Kisha tausi anainua shingo, anatandaza mkia wa dhahabu, anageuka taratibu mpaka watazamaji wanaona mgongo wa mkia, ambao ni wa fedha, anatulia kidogo, halafu anarudi alivyokuwa. Mwisho jogoo anawika, na mchezo umekwisha. Kila ndege ana mtambo wake na saa ina wa nne, ndiyo maana wanapokezana bila kugongana.

Kazi hii ilitoka karakana ya James Cox wa London, na Grigory Potemkin, kipenzi cha Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, aliinunua mwaka 1781. Ilifika Urusi ikiwa vipande ndani ya makasha, vingine vimevunjika, na ikakaa miaka bila mtu wa kuiunganisha. Aliyeifufua miaka ya 1790 ni Ivan Kulibin, fundi wa kujifundisha mwenyewe kutoka Nizhny Novgorod. Potemkin alishafariki, na saa ikaishia kwenye jumba la watawala.

Upande huo wa jumba ndiko Malkia Catherine wa Pili alikofanyia karamu zake ndogo, ingawa ukumbi wenyewe unaouona leo ni kazi ya mbunifu Andrei Stackenschneider, ya miaka ya 1850. Wageni waliwekewa kanuni kumi za maandishi. Vyeo, kofia na panga vilibaki mlangoni. Furahi, lakini usiharibu, usivunje wala usitafune kitu. Kula unachokipenda, ila kunywa kwa kiasi, ili wakati wa kutoka kila mtu aipate miguu yake. Aliyevunja kanuni alikunywa gilasi ya maji baridi na kusoma kwa sauti ukurasa mmoja wa utenzi mrefu wa mshairi Trediakovsky, mabibi nao wakiwemo. Ukiwaza kwamba pale walikaa watu waliomiliki maelfu ya wakulima kama mali, kile kifungu cha kuacha vyeo mlangoni kinachekesha kidogo.

Sasa mfuko. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022, kwa hiyo unabeba dola au euro taslimu. Noti ziwe safi kweli kweli: kibanda kimoja cha kubadilishia fedha kilinirudishia noti kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu. Mkahawa mmoja wa jirani ulinitoza kikombe cha chai bei ya mlo kamili wa mama ntilie, na sukari ya kuhesabiwa. Kuhusu baridi, koti zito huingii nalo ukumbini. Unaliacha chumba cha makoti na kupewa namba. Koti lisilo na kitanzi shingoni huleta maneno, maana mhudumu hana pa kulitundikia. La mtumba likague kabla ya safari, kitanzi mara nyingi kimekatika, na ushone cha kitambaa kigumu.

Kilichonishika kuliko hata tausi ni Chumba cha Malakaiti, kazi ya mbunifu Alexander Bryullov, upande wa madirisha ya mto Neva. Nguzo nane za kijani, nguzo bapa nane za ukutani, na vyombo vikubwa vya mapambo. Malakaiti ni jiwe la kijani, na lililotumika hapo ni kama tani mbili, kutoka milima ya Urali. Kwa macho ya haraka utaapa kwamba kila nguzo ni jiwe moja. Sivyo. Simama ubavuni mwa nguzo mwanga wa dirisha ukiipiga, ufuate mstari mmoja wa kijani kilichokoza: mahali fulani unakatika kwa uzi mwembamba kama unywele, kisha unaendelea.

Malakaiti hutoka ardhini na mashimo na nyufa, na bonge kubwa lisilo na dosari ni nadra. Mafundi walilipasua kwa msumeno kuwa mabamba ya milimita chache, wakayapanga mpaka michirizi ikapatana, kisha wakakata kingo kwa kufuata mkunjo wa mchirizi wenyewe. Ukikata kingo zilizonyooka, kiungo kinaonekana toka mlangoni. Mabamba yalibandikwa kwa gundi ya moto juu ya kiini cha kitu cha bei nafuu, nyufa zikajazwa gundi iliyochanganywa na unga wa malakaiti, ndipo wakasugua mpaka ing'ae. Jiwe ni laini, hukwaruzika upesi, na vumbi lake la shaba si la kuvutwa.

Watu wa Kolwezi na Likasi, miji ya Katanga nchini Kongo, wanalijua jiwe hili vizuri, na Lubumbashi unanunua bangili, visanduku na wanyama wa malakaiti. Mchongaji wa Katanga huchonga jiwe zima, kwa hiyo ukubwa wa kazi yake unaamuliwa na jiwe. Kule Urusi ukubwa uliamuliwa na gundi. Nikiulizwa ufundi upi mgumu zaidi, nitachagua wa Katanga, maana hauna pa kuficha kosa.

Chumba hicho kilizaliwa na moto. Desemba 1837 tundu la hewa lililoachwa wazi kwenye dohani, nyuma ya kuta za mbao, lilipitisha moto, na Jumba la Majira ya Baridi, ambalo leo ni sehemu ya Hermitage, likaungua siku kadhaa. Mfalme Nicholas wa Kwanza alitaka lirudi haraka, na kumbi kuu zilikuwa tayari mwaka 1839. Ndani ya Chumba cha Malakaiti ndimo maharusi wa ukoo wa kifalme wa Romanov walimovishwa kabla ya kwenda kanisani.

Moscow nairuka. Jua tu kwamba makumbusho ya Kremlin hufungwa Alhamisi, tiketi za Ghala la Silaha huuzwa kwa vipindi, na Hazina ya Almasi ina tiketi yake. Mayai ya vito ya Fabergé yameshaandikwa vya kutosha.

Tsarskoye Selo, penye jumba la watawala nje ya Saint Petersburg, unakwenda kwa treni kutoka stesheni ya Vitebsky, na ndani ya jumba unavalishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Chumba cha Kaharabu cha humo nacho ni ngozi tu: vipande vyembamba vya kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, vilivyobandikwa juu ya mbao. Mbao hutanuka na kunywea, kaharabu haifuati, inabanduka. Mwaka 1941 watunzaji walijaribu kuiondoa, ikamomonyoka mikononi, wakaifunika kwa karatasi za ukutani. Wanajeshi wa Ujerumani waliigundua, wakaing'oa na kuipeleka Königsberg, wakati huo mji wa Ujerumani, ilikopotelea. Kutengeneza upya kulianza 1979 kukaisha 2003, mafundi wakifuata zaidi picha za zamani zisizo na rangi. Katikati ya kazi, mwaka 1997, picha moja ya mawe ya rangi, kati ya nne zilizopamba chumba cha asili, ilipatikana Bremen, Ujerumani, ikarudishwa mwaka 2000. Waliilinganisha na ile waliyoitengeneza bila kuiona, na tofauti zilikuwa ndogo mno.