Mjomba alivyomsikiliza Luther

Mwaka 1995, binti ya mjomba alipokuwa anaolewa pale Tanga, kazi ya muziki nilipewa mimi. Si kwamba nilikuwa fundi. Redio kaseti kubwa kuliko zote katika ukoo ilikuwa yangu, basi. Bibi harusi alikuwa na sharti moja tu: ataingia ukumbini na Always and Forever ya mwimbaji Luther Vandross. Endless Love, ile aliyoimba Luther na Mariah Carey, hakutaka hata kuisikia, maana siku zile kila harusi niliyokwenda maharusi waliingia nayo, na washereheshaji wengine walikuwa wanaiimbia juu kwa maikrofoni.

Zote mbili zilikuwa kwenye albamu moja, Songs, iliyotoka 1994. Nyimbo 13, zote za watu. Luther alichukua nyimbo za mapenzi ambazo dunia ilikwisha kuzimaliza kuzipenda, akazipenda upya. Killing Me Softly, kwa mfano, ni wimbo wa 1973 wa Roberta Flack, mama ambaye Luther aliwahi kumwimbia kiitikio kabla hajajulikana. Ukiujua ujamaa huo, unausikia kwa sikio jingine. Nakala yangu ilikuwa ya kurekodiwa dukani, imeandikwa kwa kalamu "Luther mpya", na wimbo wa mwisho ulikatwa katikati kwa sababu kanda iliisha. Sikusikitika. Ule wa mwisho ulikuwa wa jukwaa la maigizo, na mimi nilitaka mapenzi.

Tatizo lilikuwa mjomba. Miaka ya sabini alikuwa baharia, na alichorudi nacho nyumbani Ngamiani ni pumu na santuri. Ya bendi ya Heatwave, walioimba Always and Forever kabla ya Luther, aliinunua Hamburg, na ilikaa juu ya kabati pamoja na hati ya nyumba. Aliposikia binti yake ataingia na "wimbo wa kuigiza", aliniita jioni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na hicho kikanda chako?"

Alikuwa ameshaifuta santuri kwa kitambaa cha flaneli. Tuliketi sebuleni, mimi, yeye na bibi harusi mwenye hina mbichi mikononi, hawezi kushika kitu. Mjomba akashusha sindano.

Nilikuwa siijui. Sauti ya Johnnie Wilder, mwimbaji wa Heatwave, ni nyembamba, inapanda juu mpaka unadhani itakatika, na wimbo unakwenda zaidi ya dakika sita. Mwishoni anabaki analivuta neno lilelile, analizungusha, hataki kuliacha. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ajali ya gari ya 1979 ilimpooza kuanzia shingoni, na bado aliendelea kuimba. Na aliyeutunga wimbo ni Rod Temperton, Mwingereza aliyepiga kinanda kwenye bendi hiyo, ndiye huyohuyo aliyemwandikia Michael Jackson Thriller. Mjomba hakuyajua hayo, wala hayakumpunguzia kitu.)

Kisha nikaweka kanda. Luther hana haraka. Anaingia nyuma kidogo ya mapigo, waitikiaji wanamtandikia, naye anapita juu yao taratibu. Kila pahali Wilder alipopanda, yeye anakaa chini na kungoja. Mjomba alisikiliza amefumba macho, kidole kikigonga mkono wa kiti. Akataka nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akataka tena.

Mkaza mjomba akachungulia akitokea uani na upawa mkononi. "Nyie mnahangaika bure. Anayeolewa hasikii mwimbaji, anasikia kiatu kinavyombana."

Hakuna aliyemjibu. Mjomba akafumbua macho, akatoa hukumu: "Sauti anayo, siwezi kusema uongo. Lakini sikilizeni. Yule wa Hamburg anaomba. Hajui kama atapewa. Huyu wenu haombi chochote, amekwisha kubaliwa huyu. Ameshiba."

Mimi nilikuwa nimeshindwa, maana alikuwa amesema kweli tupu. Nilianza kufikiri namna ya kuihamisha ile santuri kwenye kanda kabla ya Jumamosi. Ndipo binti yake, mikono ameinyanyua hewani hina isipakazike, akasema, "Sasa baba, si ndiyo harusi? Kuomba aliomba mwaka jana. Nimeshamkubali."

Mjomba alitazama dari kwa muda, kisha akacheka kicheko cha kipa aliyefungwa bao na mwanawe. "Haya. Waingie na huyo aliyeshiba."

Harusi yenyewe haina mengi. Waliingia kwa mwendo wa Luther, wimbo ukaisha kabla hawajafika kwenye viti, nikaurudia, pilau lilitosha.

Wiki iliyofuata mjomba alinipa kanda tupu ya dakika sitini na hela ya betri. Alitaka nyimbo mbili tu: Wilder, halafu Luther, halafu Wilder, halafu Luther, zamu kwa zamu mpaka kanda iishe, pande zote mbili. Nikamwambia mwishoni kutabaki nafasi isiyotosha wimbo wowote kati ya hizo mbili.

"Hapo patakapobaki," mkaza mjomba akapaza sauti kutoka uani, "niwekee taarabu ya Shakila."