Prosesa Dar, data Dodoma: panga njia na kazi pamoja

Tuseme data ya terabaiti 1 iko Dodoma, prosesa zilizo wazi ziko Dar. Kwa njia ya mwanga (muunganisho wa faiba unaouomba kwa muda maalumu) ya gigabiti 10 kwa sekunde, kuihamisha ni sekunde 800, dakika 13 na ushee. Ukikodi prosesa kuanzia saa 4:00 asubuhi, njia iombe ya saa 3:40. Dakika sita zinazobaki ni za kuifungua njia na kurudia vipande vilivyoharibika. Wengi hukamata prosesa kwanza, njia baadaye, mashine zikakaa bure.

Kinachoponza zaidi ni rangi ya mwanga. Bila kigeuza rangi (kifaa cha kubadili rangi njiani), lamda ileile (rangi ileile, yaani urefu uleule wa wimbi la mwanga) lazima iwe wazi Dodoma–Morogoro na Morogoro–Dar. Lamda 3 ikiwa wazi huku na 5 kule, ombi linakataliwa ingawa nafasi ipo tele.

Halafu kagua dirisha la TCP, kanuni ya kutuma data mtandaoni: ni kiasi cha data kinachoweza kutumwa kabla ya kungoja jibu kwamba imefika (hili husahaulika sana!). Kilomita 450 za faiba ni takriban milisekunde 4.5 kwenda na kurudi, hivyo ili kuijaza njia unahitaji dirisha la megabaiti 5.6 hivi. Ukiliacha kwenye kilobaiti 64, unaambulia megabiti 116 kwa sekunde, na terabaiti yako itakula saa 19.