Teflon, alumini na kiangazi cha Lubumbashi

Mwezi wa saba Lubumbashi, ukivuta blanketi la nailoni gizani unaona cheche. Nanojenereta ya msuguano hutumia umeme huohuo: vitu viwili vinagusana, kimoja kinamnyang'anya mwenzake elektroni, na kila vinapoachana na kukutana tena mkondo mdogo hupita kwenye waya unaounganisha migongo yao. Kundi la Zhong Lin Wang wa Georgia Tech, Marekani, liliionyesha mwaka 2012. Wewe unahitaji utepe wa teflon wa mafundi bomba na karatasi ya alumini ya jikoni.

Kata vibao viwili vya kadibodi ngumu, sm 10 kwa 10. Kila kimoja kibandike alumini ya sm 9 kwa 9, bila mikunjo. Alumini haishiki lehemu ya kawaida, kwa hiyo menya waya, kunja pembe ya alumini juu yake, ubane kwa pini ya stepla. Kibao kimoja kifunike kwa teflon. Teflon haikubali gundi: izungushe kibao kizima na uibane kwa selotepu upande wa nyuma, tabaka mbili, kila mzunguko ukipanda juu ya mwenzake kwa mm 2. Usiivute! Ikivutwa inatoboka, alumini inagusa alumini, na mashine nzima imekufa. Ukipata sifuri, anza kutafuta hapo. Kisha tazamanisha teflon na alumini tupu ya kibao kingine, na utenge vibao kwa vipande vinne vya sponji vya mm 5, kimoja kila pembe. Uso wa teflon usiuguse kwa vidole; mafuta ya ngozi yanatosha kuuharibu.

Waya mbili ziingie kwenye daraja la dayodi nne za 1N4007, linalougeuza mkondo wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja. Jaribio la kwanza ni taa za LED, na hapa wengi hukosea kwa kuziunga sambamba. Kifaa hiki kina volti mamia lakini mkondo kiduchu, hivyo unga LED kumi mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Piga kibao kwa kiganja gizani: zote zinamweka pamoja.

Kwa kuhifadhi chaji, tumia kapasita ya filamu ya µF 1. Ile ya elektroliti iliyotolewa kwenye redio mbovu inaweza kuvuja mikroampea moja au zaidi, wakati mikandamizo miwili kwa sekunde haikupi hata nusu ya mikroampea. Utapiga mpaka jioni. Hesabu yenyewe: kila tendo likisukuma mikrokulombi 0.1, kukandamiza na kuachia ni 0.2, basi mikandamizo 15 inakupa volti 3. Soma namba ya kwanza kwenye multimita haraka, kwa sababu multimita ya megaohmu 10 inaishusha volti ya kapasita hiyo hadi karibu theluthi moja ndani ya sekunde 10.

Volti 3 kwenye µF 1 ni mikrojuli 4.5. Kutuma ujumbe kwa Wi-Fi, kwa mA 150 na volti 3.3 kwa sekunde moja, kunakula karibu nusu juli, yaani kujaza kapasita zaidi ya mara laki moja. Anayekuuzia kiatu cha kuchaji simu kwa njia hii mwombe akionyeshe kwanza. Faida halisi ni kihisio: mlango ukifungwa, hatua ikikanyagwa, ishara inajizalisha yenyewe bila betri.

Ukiipeleka ishara hiyo kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta, pitisha kwanza rizista ya megaohmu 10, kisha megaohmu 1 kutoka pini hadi ardhi, na dayodi mbili za 1N4148, moja ikipitisha mkondo kutoka ardhi kwenda pini na nyingine kutoka pini kwenda volti inayoendesha bodi. Bila hizo, pini inaweza kuungua.

Mvua zikianza, unyevu unaipa chaji njia ya kutoroka na kifaa kinazimika taratibu. Kitie chote kwenye mfuko mzito wa plastiki pamoja na vijifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Punje zake uzikaushe kwanza kwenye kikaango kwa moto mdogo, kisha uufunge mdomo wa mfuko kwa pasi ukiwa umetandika kitambaa juu.