Waraka wa mwaka 1309 na zilizofuata

Waraka wa kwanza niliounua kwa pesa yangu ulikuwa wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Ndivyo nilivyoambiwa. Niliukuta katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, umetiwa fremu, karatasi imepiga rangi ya chai, mistari saba ya Kiarabu, na chini yake jina lililoandikwa kwa madaha pamoja na muhuri. Nilitoa shilingi laki moja na themanini, pesa niliyokuwa nimeiweka kwa miezi mitano, nikaubeba waraka wangu hadi Kikwajuni nimeukumbatia kifuani.

Asubuhi yake nikampelekea maalimu aliyenisomesha chuo cha Kurani utotoni. Hakuitazama sahihi wala muhuri. Aliitafuta tarehe. Alipoipata akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, Sayyid Barghash kafariki lini?"

Nikamjibu, mwaka 1888.

"Na hapa pameandikwa ngapi?"

Pameandikwa 1309. Akachukua penseli, akanionyesha hesabu ambayo sijaiacha tangu siku ile: chukua mwaka wa Hijria, zidisha kwa 97, gawa kwa 100, ongeza 622. Haikupi mwezi, ila mwaka unaukaribia sana. 1309 ikatoka 1891. Sayyid Barghash alishika utawala mwaka 1870, sawa na 1287 ya Hijria, akafariki Machi 1888, yaani 1305. Waraka wangu ulikuwa umeandikwa miaka mitatu na zaidi baada ya maziko yake, wakati mwenye kiti ni Sayyid Ali bin Said.

Pesa iliniuma. Iliniuma zaidi kwamba herufi za Kiarabu nazijua tangu nina miaka sita, na ile tarehe ilikuwa mbele ya macho yangu kutwa nzima. Maalimu akaniambia niurejeshe, na wakikataa nikae nao niwe nausoma. Walikataa. Ninao mpaka leo, nimeuweka mbali na zile za kweli, na ndio ninaomkabidhi kijana yeyote anayenijia akitaka kuanza kazi hii ya kukusanya barua na sahihi za kale. Namwachia mkononi, namwambia aniambie nini hakipo sawa.

Vitu visivyo sawa ni vingi ukishazoea. Karatasi iliyochovywa chai hupata rangi moja kote, hata ndani ya mkunjo. Karatasi iliyozeeka yenyewe huwa nyeusi zaidi kingoni na kwenye mistari ya mikunjo, mahali palipopitiwa na hewa na vidole, na katikati hubaki imepauka. Wino nao una habari zake. Waandishi wetu wa zamani walitumia kalamu ya mwanzi na wino wa masizi uliochanganywa na gundi ya mti. Wino huo haupauki, utabaki mweusi miaka mia mbili, lakini tone la maji linauondoa. Wino wa Wazungu wa wakati ule, uliotengenezwa kwa madini ya chuma, huanza mweusi ukaishia kahawia, na palipokolea hula karatasi mpaka ikatoboka. Ukiona barua inayodaiwa ya mwaka 1930 imeandikwa kwa kalamu ya biki, irudishe, kalamu hizo zimeenea baada ya vita vya pili vya dunia. Na barua ya Unguja ya mwaka 1928 inayotaja deni kwa shilingi itie shaka pia: hapa kwetu tulikuwa na rupia mpaka mwisho wa 1935, shilingi ikaingia Januari 1936.

Nilinunua lenzi kwa sonara mmoja, ile anayobana jichoni kutazama vito. Hiyo ndiyo iliyoniokoa na picha ya Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub yenye sahihi nzuri chini. Kwa macho ya kawaida ilikuwa wino. Chini ya lenzi ikawa vidoto vidogo vidogo vilivyojipanga, maana yake sahihi ilichapwa pamoja na picha. Wino wa kweli huzama kwenye nyuzi za karatasi, na mstari unapopita juu ya mwenzake unaona ni upi uliotangulia.

Jambo jingine lililonichukua muda kulifahamu ni kwamba barua ya mtu mkubwa mara nyingi ina mikono miwili. Karani ndiye aliyeandika maneno, mwenyewe akatia jina lake tu. Kwa hiyo ukiambiwa "barua ya Sultani" uliza mkono wake uko wapi. Katika nyaraka za watawala wa Kiomani hukuta mwishoni maneno mafupi ya kusema kwamba hili ni sahihi na kaliandika fulani kwa mkono wake, na maneno hayo huwa na mwandiko mwingine kabisa, wa haraka, usio na mapambo ya karani. Mimi hapo ndipo ninapotulia. Mistari ya karani inanipa habari. Ile miwili ya mwisho inanipa mtu.

Baada ya waraka wa 1309 sikununua kitu kwa miaka miwili. Nilirudi kwa maalimu kila Ijumaa baada ya swala, akanisomesha kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Anayeijua Kurani hudhani ni kazi nyepesi, na sivyo. Mwandiko wa zamani hauna p, hauna v, hauna ch. Herufi ba moja inabeba b, inabeba p, na mara nyingi inabeba mb vile vile. I na e huandikwa alama moja, u na o alama moja. Neno moja unaweza kulitamka mara nne, na ni maana ya sentensi nzima tu itakayokuambia lipi ni lipi. Ndiyo maana barua hizi husomwa kwa sauti, na akiwepo mzee wa kukusikiliza ni bora zaidi.

Kujua kusoma ndiko kulikonifungulia milango ambayo pesa isingeifungua. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba ya Pemba zina kasha lenye karatasi za mababu. Wajukuu wamesoma skuli kwa herufi za Kirumi na karatasi zile kwao ni mchoro tu. Wanaogopa kuzitupa kwa sababu huenda ndani mna jina la Mwenyezi Mungu, na hawajui kama ni hati ya shamba au salamu za Idi. Nikaanza kusema, nikisikia nyumba ina kasha: mimi sinunui, mimi nakuja kusoma. Nikimaliza nitakuandikia kila kitu kwa herufi za leo, na wewe uniruhusu nipige picha. Katika nyumba kumi na tisa nilizoingia kwa maneno hayo, ni mbili tu zilizokataa, na moja kati ya hizo iliniita baadaye.

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Wete. Nilishuka na boti asubuhi Mkoani, nikapanda gari mpaka Wete, na nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na karafuu zimeanikwa uwani juu ya majamvi. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameshapita miaka themanini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwanza mimi wa nani na wa wapi, na tukakaa nusu saa kwenye hilo kabla kasha halijatajwa. Hilo nalisema kwa wanaoanza: usiharakishe nusu saa hiyo. Mtu anayekupa barua za baba yake anataka kujua zinaingia mikononi mwa nani.

Barua zilikuwa zimefungwa ndani ya kanga, na kati ya mikunjo ya kanga mlikuwa na karafuu kavu. Wadudu walikuwa hawajazigusa.

"Soma kwa nguvu, mwanangu," akasema. "Macho yamekwenda, masikio mazima."

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1346, kwa hesabu ya maalimu ni 1927 au hapo hapo. Baba yake alimwandikia mama yake akiwa Unguja. Salamu ndefu, bei ya karafuu, rupia kumi alizomtuma mtu kuzileta. Kisha nikasoma: "Na nimekuletea baba mkavu wawili." Nikasimama. Bibi akaangua kicheko mpaka kanga ikamteleza begani.

"Papa huyo! Papa mkavu! Mama yangu akimpenda mno, wa kupika na nazi."

Nikairudia sentensi, naye akaitamka pamoja nami, neno kwa neno, ingawa alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Halafu akafunika uso kwa ukingo wa kanga na tukapumzika kidogo.

Jibu la mama yake halikuwemo. Nilipouliza, akaniambia mama alisoma Kurani yote lakini hakufundishwa kuandika. Akitaka kupeleka barua alimwendea shehe mtaani akamwambia maneno. Wanawake wengi wa zama zile walikuwa hivyo, hata majumba makubwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la kifalme, na kuandika alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na kwa kuwa alijua kuandika, Barghash na wenzake walipotaka kumpindua Sayyid Majid, ndugu yao aliyekuwa Sultani, mwaka 1859, yeye, msichana wa miaka kumi na tano, ndiye aliyekuwa katibu wao. Karatasi nyingi za Sayyida Salme na mwanawe leo ziko Leiden, Uholanzi. Nikikuta mwandiko wa mwanamke wa visiwani wa kabla ya vita vya kwanza, hata awe hana jina kubwa, kwangu mimi unakaa juu ya sahihi ya Sultani.

Kwa utunzaji nitasema machache, ila la kwanza nalisema kwa uchungu. Mwaka wa tatu nilipata barua ya mwanasiasa wa zama za vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, ya mwaka 1958, imechanika mkunjo. Nikaipeleka steshenari ikafanyiwa laminesheni ili isiharibike. Moto wa mashine uliigandisha barua ndani ya plastiki, na plastiki hiyo haitoki tena bila kutoka na wino. Usifanye laminesheni, usibandike selotepu, usifute kwa kitambaa chenye maji. Mimi kila barua naiweka ndani ya karatasi nyeupe isiyo na tindikali, kisha ndani ya boksi la kadibodi, mbali na ukuta, juu ya rafu na si sakafuni. Maelezo nayaandika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Wakati wa masika unyevu wetu ni adui, kwa hiyo natia vile vipakiti vinavyonyonya maji vinavyokuja na viatu vipya, navibadilisha, na siku ya jua kali nafungua boksi ndani ya chumba chenye kivuli ili zipate hewa. Juani hapana. Karafuu naziweka pia, tangu Wete.

Mara moja nililetewa karatasi ambayo niliitamani sana: barua ya Kiingereza ya afisa mkubwa wa enzi ya Waingereza, sahihi safi, na pembeni namba ya faili kwa penseli nyekundu na muhuri wa ofisi. Nilikaa nayo usiku mmoja. Namba ya faili maana yake ni hati ya serikali, ina wenzake mahali fulani, na ikikaa kwangu faili lile litakuwa na pengo daima. Nikamweleza aliyeileta, tukaenda pamoja Nyaraka, Kilimani, panapotunzwa hati za kale za serikali, tukaikabidhi. Mahali pale ndipo palipo na maandiko na vitabu vya Kiarabu vilivyoingizwa mwaka 2003 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia, na mtu yeyote anayetaka kuyajua miandiko ya watawala wetu aanzie huko kabla hajaingia dukani. Mimi ningeanzia huko, fremu ile isingenipata.

Leo nina barua na sahihi arubaini na moja za asili, na picha za nyingine zaidi ya mia tatu ambazo zimebaki kwa wenyewe. Kumi na mbili tu nilizinunua.

Ninayoipenda zaidi imetoka kasha lile la Wete. Siku ya pili, chini kabisa ya kifurushi, palikuwa na kipande kidogo cha karatasi chenye mwandiko mweusi ulionyooka: salamu fupi kwa marehemu mumewe bibi, na chini jina la Abdallah Saleh Farsy, aliyetufasiria Kurani kwa Kiswahili na aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mume alikuwa mwanafunzi wake Unguja. Sikulisema neno mpaka niliporudi mjini nikalinganisha picha niliyopiga na maandishi mengine niliyoonyeshwa na wazee wawili waliosoma kwake. Yalilingana. Nikampigia bibi simu kumwambia alichokuwa nacho.

"Njoo ukichukue," akasema. "Vya baba niachie mimi, nitakuwa nikisomewa na wajukuu sasa ushaviandika. Hicho cha shehe kikae kwa anayesoma."

Nilikwenda baada ya Idi. Kanga ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, bado imefungwa. Bibi ameniambia tungoje mwanawe arudi kutoka Maskati, kwa kuwa mle ndani zimo barua ambazo mwanawe huyo aliandikiwa na baba yake, na anataka awepo zikisomwa.