Kitabu cha Jirani

Alhamisi, usiku

Leo ni siku ya tatu kijana wangu anaenda shule na miwani. Amelala sasa, na miwani yenyewe ameiweka ndani ya kikombe cha plastiki juu ya kabati ili mdogo wake asiifikie. Nimekaa mezani na daftari zake mbili mbele yangu. Nataka kuandika habari hii kabla haijapoa.

Hadi Novemba iliyopita alikuwa akisoma akademi ya binafsi huku kwetu Umoja, Nairobi, jengo la mabati la ghorofa moja, watoto 28 darasani. Mimi nafanya kazi ya uchapaji katikati ya jiji. Kwa miaka mingi mkate wetu ulikuwa vitabu vya risiti: maduka, gereji, makanisa, shule, kila mtu alihitaji kitabu cha risiti chenye jina lake juu. Tangu risiti za kodi zihamie kwenye mtandao, kazi hiyo imepungua hadi tukabaki mafundi wawili kati ya watano. Karo ya akademi ikaanza kunishinda. Mwezi wa kwanza nikamhamisha kijana, nikamwandikisha Gredi ya 4 katika shule ya msingi ya umma.

Nilimwandikisha nikiwa na huzuni, na sitaificha. Mama yake alinyamaza siku mbili. Sisi wazazi wa umri wangu tulizoea kupima shule kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane. Kila matokeo yalipotoka tulijua shule gani imetoa watahiniwa wangapi wa alama 400 na zaidi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa tumebaki kupima kwa macho, na kitu cha kwanza ambacho macho yanaona ni idadi ya vichwa darasani. Jumatatu ya pili ya muhula nilisimama nje ya dirisha nikahesabu. Walikuwa 83, na mwalimu mmoja.

Mwanamke yule alikuwa akipita kati ya madawati kwa ubavu, maana kupita kwa kifua hakuna nafasi. Mkoba wake ulining'inia kwenye nondo ya dirisha. Alipofika safu ya katikati, watoto waliinua daftari zao juu ya vichwa, zikiwa zimefunguliwa, naye akawa anaweka vema au kosa bila kuinama, huku akiuliza swali linalofuata kwa sauti. Hakumtaja mtoto hata mmoja kwa jina kwa muda wote niliosimama pale. Nikaondoka nikijiambia kwamba mwanangu ameingia baharini.

Na si kwamba mimi ni mgeni wa msongamano. Mwaka 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, nilikuwa darasa la nne hapa hapa Eastlands. Muhula wa mwisho wa 2002 nilikuwa nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa, na namkumbuka mama akifungua fundo la leso, anahesabu, anafunga tena, anafungua tena kana kwamba zitaongezeka. Januari ikafika, langoni kukawa na foleni inayozunguka ukuta. Tulikuwa 46 darasani. Kufikia Ijumaa tulipita 90. Tulikaa watano dawati moja, wawili wakiwa na nusu ya makalio hewani. Nyuma yangu aliketi kijana wa miaka 14 aliyekuwa akiosha magari barabarani; alikuwa hajui kusoma jina lake, lakini kwa hesabu za chenji hakuna aliyemfikia, hata monita. Mwaka uliofuata mwalimu wetu alitusomea gazetini habari za Mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84, na yule kijana akasimama kupiga makofi peke yake. Furaha ile naikumbuka vizuri. Ninachokumbuka pia ni kwamba hadi namaliza darasa la nane, sidhani kama kuna mwalimu aliyewahi kujua kwetu ni wapi.

Hiyo ndiyo hofu niliyomwekea mwanangu. Kutojulikana.

Kuhusu pesa nitasema machache, kwa sababu wazazi wenzangu mnazijua. Masomo ni ya bure kwa mujibu wa Katiba na kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo pia inakataza shule ya umma kumtoza mtoto ada ya masomo. Siku ya kuandikisha niliombwa cheti cha kuzaliwa, sare, rimu ya karatasi na pesa ya dawati. Baadaye ikaja shilingi 50 ya tuisheni kila Ijumaa. Ya dawati nilipewa risiti. Ya tuisheni haina risiti, na mtu aliyelisha watoto wake kwa kuchapa vitabu vya risiti hawezi kupita jambo hilo kama hakuliona. Nililalamika nyumbani, kisha nikatoa, kama wote walivyotoa. Lakini pia nilikaa nikapiga hesabu. Serikali imepanga shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Ukigawanya kwa wiki za masomo unapata kama shilingi 40 kwa wiki, yaani chapati mbili kibandani. Chaki, karatasi za mtihani, maji, kurekebisha mlango wa choo, mlinzi wa usiku, vyote vinasubiri mgao wa chapati hizo mbili, nao mara nyingi huja kwa kuchelewa. Sikubaliani na tuisheni ya kulazimishwa. Najua tu shimo linalojazwa nayo lilichimbwa mbali na ofisi ya mwalimu mkuu.

Vyumba navyo. Tangu 2023 wanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, wamewekwa katika viwanja hivi hivi vya shule za msingi. Hapa kwetu iliyokuwa maktaba sasa ni darasa la Gredi ya 8, na Gredi ya 4 mbili ziliunganishwa kuwa moja. Ndiyo maana ya 83.

Kitu kimoja kimenifurahisha kuanzia wiki ya kwanza, nacho ni chakula. Kaunti inapika, mzazi anachangia shilingi 5 kwa sahani, mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa anapakuliwa. Wali na ndengu, moto. Kule akademi nilikuwa namfungia mkate. Mama yake alianza kusema tena siku kijana aliporudi akitaka kujua kwa nini ndengu zetu si nzito kama za shule.

Sasa nije kwenye daftari.

Wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. "Mzazi, ni mwalimu wa darasa. Kesho unaweza kupita shuleni kabla hujaenda kazini?" Sikulala vizuri. Nilidhani ni pesa, halafu nikadhani amepigana, halafu nikadhani mambo ambayo hata siandiki hapa. Saa moja kasorobo asubuhi nilikuwa langoni.

Alinikaribisha kwenye kiti cha mtoto, akaweka daftari mbili mezani, bega kwa bega. Moja ya mwanangu, nyingine ya mtoto anayeketi naye. Akaweka kidole kwenye hesabu ya tatu. Kwa mwanangu: 48 mara 6, jibu 288, kosa. Kwa mwenzake: 48 mara 6, jibu 248, kosa. Nikahisi joto masikioni. Nikasema, "Mwalimu, anaibia?"

"Hapana, Baba. Tazama tena. Ubaoni niliandika 43, si 48. Huyu mwenzake alinakili vibaya, na wako akanakili kwa mwenzake. Lakini jibu hakunakili. Arobaini na nane mara sita ni mia mbili themanini na nane. Hesabu ameipata. Swali ndilo si lake."

Akafungua kurasa nyingine. Insha yenye kichwa cha habari kilichokosewa herufi ile ile. Tarehe ya jana kwa wote wawili. Kila kilichotoka ubaoni kilikuwa kimepitia kwa jirani, na kila kilichotoka kichwani kilikuwa cha kwake. "Anaketi safu ya mwisho kwa sababu ni mrefu," akasema. "Ubao hauoni. Mmeshampima macho?"

Hatukuwa tumempima. Kazi yangu ni kuona. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiinamia karatasi na kioo cha kukuzia, natafuta nukta nyekundu iliyosogea kwa unene wa unywele, na nikiiona nasimamisha mashine nzima. Na nyumbani mtoto ameshika simu karibu na pua, mimi namwambia ameipenda simu kupita kiasi, naichukua. Anasogea kwenye televisheni, mimi namwambia rudi nyuma, utaharibu macho. Nilimwadhibu mara moja kwa hilo. Jambo hili limenikaa kifuani wiki tatu sasa na bado sijalimaliza. Akademi walikaa naye miaka minne wakiwa 28 tu, hawakuliona. Siwalaumu sana, wakati huo alikuwa mfupi, akiketi mbele, na ubao wao ulikuwa hatua mbili kutoka dawatini.

Nilimuuliza mwalimu ameonaje, katikati ya watoto wote wale. Hakujisifu. Akasema zamani alikuwa akikusanya daftari rundo moja, anasahihisha kama zilivyopangana, na hakuwa akiona kitu. Siku hizi anazikusanya dawati kwa dawati, zile tatu au nne za watoto wanaoketi pamoja anazisahihisha kwa mfuatano. "Ukifanya hivyo unasikia wanavyoongea," alisema. "Unajua nani anamfundisha nani, nani amekasirikiana na nani, nani hana kalamu na anasubiri mwenzake amalize." Daftari za Gredi nzima anazibeba nyumbani kwenye gunia la unga la kilo 24 alilolitia mishipi, anapanda nalo matatu.

Habari za hospitali sitazirefusha. Ni kliniki ya macho ya umma, foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka saa nane. Kijana alisoma mstari wa juu peke yake, mistari mingine akawa anabahatisha kwa sauti ya kujiamini, na nikaelewa kwamba kubahatisha kwa kujiamini ni kitu alichojifunza muda mrefu. Miwani ilinigharimu 3,200. Siku ya kwanza kuivaa hakusema lolote la ajabu. Alikaa tu kitandani akisoma vibandiko vya dawa kwenye rafu upande wa pili wa chumba, kimoja kimoja, kwa sauti ya chini, hadi mama yake akamwambia anywe chai.

Jana usiku nilikata makombo ya karatasi za kazini, yale yanayobaki pembeni baada ya kuchapa kalenda, nikayashona kuwa vijitabu 90. Leo asubuhi nikampelekea mwalimu. Nilitaka kumshukuru vizuri, nikawa nimejiandaa na maneno. Alivipokea, akavihesabu kwa macho, akaniita pembeni mwa mlango.

"Baba, wewe uko kwenye kikundi cha wazazi cha WhatsApp, sivyo? Mimi huko naogopa kuuliza, wataanza kusema." Akafungua rejista, akanionyesha mstari wa msichana mmoja. Alama za kuhudhuria zimejaa hadi mwanzo wa mwezi, kisha sufuri, sufuri, sufuri, siku kumi na nne. Namba ya mama haipatikani. Mama huyo aliuza sukumawiki karibu na steji. Kibanda sasa kina mtu mwingine, anauza maganda ya simu. "Nilichelewa kugundua," akasema. "Wiki ya kwanza nilidhani ni malaria. Huyu alikuwa kwenye dawati la watoto wanne, na wale wengine watatu wakaacha kugombana juu ya raba. Raba ilikuwa yake."

Nilikuwa na maneno yangu ya shukrani mkononi na sikuyatumia. Nilipiga picha jina peke yake, nikamuahidi nitauliza kama mzazi.

Nimeuliza saa mbili usiku, bila kutaja shule wala mwalimu. Watu 61 wameusoma ujumbe. Mmoja alitaka kujua kama pesa ya tuisheni kesho ni lazima. Saa nne na robo akajibu mama mmoja ninayemfahamu kwa sura tu: anadhani walifungiwa nyumba kwa kodi, wakahamia upande wa Njiru, kwa shangazi. Jina la mtaa hana hakika nalo. Amesema ataamka mapema amuulize mwenye bucha aliyekuwa akiwawekea mizigo.

Kesho ni Ijumaa. Nitampeleka kijana mwenyewe, nipite kwa mwenye bucha kwanza.