Kata Moja ya Maji, Mikindani

Nilipohamia Mtwara mwaka 2014 nikitokea Mombasa, sikuwa na wasiwasi wa ugeni. Lugha ninayo, bahari naijua, joto ni lile lile. Kilichonishinda ni kodi ya nyumba.

"Bosi, hapa ni mwaka mzima," dalali aliniambia tukiwa Shangani, mbele ya nyumba ya vyumba viwili yenye geti jekundu. "Ukimbembeleza sana mwenyewe, miezi sita." Kwetu nilizoea kulipa mwezi kwa mwezi na kuweka dipoziti. Nilipouliza dipoziti ni ngapi, alicheka. Laki mbili na nusu, mara kumi na mbili! Nikaipiga hesabu kwa shilingi za Kenya, nikairudia, nikidhani nimekosea.

Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Vigae chini, upepo wa bahari, luku, yaani mita ya umeme, yake peke yake. Nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa, likatoa hewa, basi. "Maji hutoka usiku," dalali akasema bila kupepesa macho. Nikachungulia chini ya sinki: madumu sita, yote makavu, moja limeshafumwa utando na buibui. Usiku upi huo?

Kwenye nyumba nyingine, upande wa Chikongola, sikumaliza dakika kumi. Dirisha la chumba lilitazamana na spika za baa. Dalali akachukua elfu kumi yake ya kuonyesha, tukaachana.

Mikindani alikuwa amekataa kunipeleka, eti kule ni wazee na magofu. Jumapili nikapanda daladala peke yangu, kilomita kama kumi hivi. Nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, vichochoro. Nilijiona nimeshukia Mji wa Kale wa kwetu, ila bila zile kelele. Nikaulizia chumba, nikaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa barazani akimenya ming'oko ya kuchemsha, vizizi vyembamba kama vidole ambavyo sikuwahi kuviona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu."

Nilipomweleza shida yangu, hakunionyesha chumba. Alinipeleka uani, akateka ndoo kisimani, akanichotea kwa kata.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi.

"Haya ni ya kuogea na kufulia. Ya kunywa utanunua dumu kwa kijana wa baiskeli. Bati linavuja pale pembeni juu ya kitanda, mvua zikianza utakinga beseni. Na popo wapo, nisikufiche."

Chumba chenyewe nilikiangalia baadaye, kwa heshima tu. Kodi elfu thelathini. "Miezi mitatu utaiweza?" Nikatoa pochi. Akanishika mkono: kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, amjue mgeni. Hela baadaye. Sasa kaa ule.

Jumatatu nilirudi na pasi ya kusafiria mfukoni na beseni kubwa la plastiki kwapani.