Kabla ya Kumbebesha Mbunge Shida za Mtaa

Taka zisizozolewa, mtaro ulioziba, taa za barabarani zilizozimika: kwa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, hizo ni kazi za kaunti. Mpelekeeni mwakilishi wadi, yaani mjumbe wenu katika bunge la kaunti. Inauma kuona wakazi wa jiji wakimwandama kwa miezi mbunge asiye na bajeti ya kuzoa taka.

Jambo likiwa la serikali ya kitaifa, Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lilishughulikie, na mbunge anaweza kuwasilisha ombi hilo kwa niaba yenu. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa. Kila karatasi itaje mada. Karatasi ya sahihi ikichomoka peke yake, haionyeshi watu walikubali nini. Elezeni mlikokwisha kulalamika, na kama kuna kesi mahakamani. Kila sahihi, au alama ya kidole gumba, iandamane na jina, anwani na nambari ya kitambulisho.

Udhaifu mkubwa huwa mwishoni, kwenye kile mnachoomba. “Tusaidiwe na ardhi yetu” haimpi mbunge pa kushika. “Kamati ichunguze kwa nini hati miliki za mtaa huu hazijatolewa” inampa.